Amri za Corona: juu ya nini watu walifwata zingine na kukataa zingine



Namna ya kunawa mikono na kuvaa maski mumekwisha kuisikia kwa redio, kwenye kituo cha afya na kanisani. Hapa hatutairudilia. Tunataka kueleza jambo lingine ambalo wengi wenu wanauliza: juu ya nini amri zingine za serikali zilifwatwa bila shida, na zingine zilikataliwa hata na watu wenye akili timamu? Hatuandiki ili kuitetea serikali, wala kuishitaki. Tunaandika sababu amri hizo ziligusa bei ya maharagi yetu, mikutano yetu na safari za mama wachuuzi. Na ugonjwa mwingine ukitangazwa kesho, koperative ndiyo itaulizwa na watu wa kijiji: tuamini ao tusiamini?

Mambo yalivyopangwa

Mgonjwa wa kwanza katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3, 2020. Kwanza waziri wa afya alisema ni Mbelgiji. Kisha ikasemwa kwamba ni Mukongomani aliyetoka Ufaransa. Kosa hilo laonekana dogo, lakini lilikuwa neno la kwanza kabisa ambalo watu walisikia juu ya ugonjwa huu kwetu, na neno la kwanza likigeuzwa, la pili linasikilizwa kwa shaka.

Tarehe 18 mwezi wa 3, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufunga masomo, makanisa, mabaa na restora, na kukataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 alitangaza hali ya dharura: Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine, na mipaka ikafungwa kwa wasafiri. Bidhaa ziliruhusiwa kupita. Hali hiyo iliongezwa muda siku 15 kwa siku 15, mara nyingi, mpaka mwezi wa 7. Maduka, mabaa na usafiri vilifunguliwa tarehe 22 mwezi wa 7, masomo ya wanafunzi wa mwisho yakaanza tena katika mwezi wa 8, na makanisa, viwanja vya ndege na mipaka tarehe 15 mwezi wa 8.

Kwenye karatasi, ni mpango unaoeleweka. Lakini mtu wa kijiji hapimi amri kwa karatasi. Anaipima kwa yale aliyoyaona mbele yake.

Watu walilinganisha na magonjwa mengine

Katika miaka ya 2019 na 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, iliisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Malaria inaua kila mwaka na hatujaona mpaka umefungwa juu yake. Corona, mpaka mwisho wa mwezi wa 8, 2020, ilikuwa imehesabiwa kwa watu karibu 10,000, na waliokufa ni zaidi kidogo ya 250.

Mzazi aliyezika mtoto juu ya surua anaposikia kwamba soko linafungwa juu ya ugonjwa ambao hajaona mtu hata mmoja anao, anauliza: mbona ule mwingine haukufungiwa kitu? Swali hilo si la ujinga. Jibu lake ni kwamba Corona inaenea kwa haraka kupitia watu wasioonyesha dalili yoyote, na kwamba ilikuwa mpya, bila chanjo na bila dawa. Walioamua walitaka kuizuia kabla haijafika wengi. Lakini jibu hilo lilitolewa mara chache, tena mara nyingi kwa Kifaransa. Mahali pengi amri ilifika mbele, na maelezo yakaja nyuma ao hayakuja.

Kile Ebola ilichotuachia

Kwa sisi wa mashariki, Corona haikuingia katika nyumba tupu. Ilikuta Ebola ndani, na Ebola ilituachia mambo mawili yanayopingana.

La kwanza ni mazoea mazuri. Bidoni ya maji yenye robine mlangoni, kusalimiana bila kugusana mikono, kupimwa joto kwenye bariyeri: watu wa Beni, Butembo na Goma waliyajua tangu 2018. Hapo hakuna aliyelalamika sana. Amri ya kunawa mikono ilifwatwa sababu haikumnyima mtu chakula, na watu walikuwa wameona wenyewe kwamba inasaidia.

La pili ni wasiwasi. Mwezi wa 12, 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa mpaka mwezi wa 3 wa mwaka uliofwata, na sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Wakati huo Rais mpya alikuwa amekwisha kuapishwa. Watu waliona kwamba ugonjwa umewaondolea sauti yao. Kisha zikaja habari za pesa. Tarehe 23 mwezi wa 3, 2020, siku moja tu kabla ya hali ya dharura kutangazwa, tribinali ya Kinshasa ilimuhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, miaka mitano juu ya pesa za Ebola zilizotumiwa vibaya, zaidi ya dola 400,000. Yeye alikana. Lakini fikiria: leo unasikia hukumu hiyo, kesho unaambiwa kuko ugonjwa mwingine, riposti nyingine, wafadhili wengine. Ndipo watu walianza kusema kwamba Corona ni biashara ya wakubwa.

Wasiwasi huo haukupungua na wakati. Mwezi wa 7 naibu waziri wa afya mwenyewe alimwandikia waziri mkuu barua iliyojulikana hadharani, akisema ndani ya wizara kuko mitandao inayowaomba wanaopewa pesa za riposti warudishe sehemu yake. Wafanyakazi wa riposti nao walikuwa wanalalamika kwamba hawajalipwa. Mtu asiyeamini hapo, tumuite mbishi? Hapana. Lakini hapa tuwe waangalifu: kuiba pesa za ugonjwa hakuonyeshi kwamba ugonjwa haupo. Mtu anaweza kuiba pesa za kununua dawa ya mahindi, na viwavi vikaendelea kula mahindi.

Kinshasa: bei ilipanda kabla amri haijaanza

Tarehe 26 mwezi wa 3, gavana wa Kinshasa alitangaza kwamba mji wote utafungwa kuanzia tarehe 28: siku 4 watu wakae nyumbani, kisha siku 2 za kutoka kununua chakula, na kurudilia vile kwa majuma matatu. Siku hiyo hiyo watu walikimbilia sokoni. Bei ya chakula ikapanda kwa saa chache. Kesho yake, kabla hata ya kuanza, amri ikaahirishwa. Mwishowe ilifungwa komine moja tu, Gombe, kuanzia tarehe 6 mwezi wa 4.

Hapa kuko somo kubwa kwa mkulima. Kinshasa ina mamilioni ya watu, na wengi wanakula leo kile walichopata leo. Hawana frigo wala stoki. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba kesho kutwa hatatoka kwa siku 4, hata akikubali kwa moyo, mfuko wake haukubali. Mwenye pesa alinunua magunia, na asiye na pesa akakuta bei mpya. Maneno yaliyosikika wakati huo katika miji mingi ya Afrika, kwamba ni afazali kufa na Corona kuliko kufa na njaa, hayakuwa mchezo. Yalikuwa hesabu ya mtu anayetafuta chakula cha siku.

Na Gombe ndiko kuko Zando, soko kubwa la mji. Mchuuzi wa Zando alipoteza mahali pake pa kazi, na aliyekuwa anamletea mihogo, mahindi ao mafuta ya mawese kutoka majimbo jirani alipoteza mnunuzi. Amri ilisema bidhaa zipite, na kweli magari ya chakula yaliruhusiwa. Lakini kwetu bidhaa haitembei peke yake. Inafwatana na mama aliyeinunua, anayeijua, anayeiuza. Ukimzuia mama, hata gari likipita, biashara imesimama.

Mpaka: njia ya mkate ya mama wachuuzi

Jambo hilo lilionekana zaidi kwenye mipaka yetu. Kabla ya mwezi wa 3, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanapita kila siku kwenye Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi, na wengine wengi kwenye Ruzizi, Bukavu. Wengi ni wanawake, wanabeba kichwani nyanya, karoti, unga, samaki, kwa jetoni ya siku moja. Mpaka ulipofungwa kwa watu, malori makubwa yaliendelea. Mtu mwenye lori alifanya kazi, na mwenye kitunga alikaa nyumbani. Amri ilikuwa moja kwa wote, lakini uzito wake haukuwa mmoja.

Kulikuwa na walioivunja amri, wakapita usiku ao kwa njia za pembeni, wakalipa pesa njiani. Kulikuwa na wengine walioitii na kula mtaji wao mpaka ukaisha. Na kulikuwa na waliopata njia ya tatu: wachuuzi walikusanya bidhaa kwa kikundi, wakachagua watu wachache wa kuzisindikiza, wakazipitisha kwa gari moja. Faida ilipungua, lakini haikuisha. Ni jambo ambalo koperative inaweza kulifanya vizuri kuliko mtu mmoja mmoja, maana kukusanya na kupima kwa pamoja ndiyo kazi yake ya kila siku.

Tuongeze kwamba franka ilipungua nguvu. Mwanzo wa mwaka wa 2020 dola moja ilikuwa karibu franka 1,700. Kufikia mwezi wa 8 ilikaribia 2,000. Mbegu na dawa zinazotoka inje zikapanda bei, lakini mkulima wa kabichi hakuweza kupandisha ya kwake, sababu kabichi haingoji. Ndiyo maana wengi mashambani, hata wasioona mgonjwa, walisema Corona iliwagusa. Iliwagusa kwa njia ya bei.

Chanjo na majani

Tarehe 3 mwezi wa 4, Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyepewa kuongoza riposti, alisema inchi yetu imekubali kushiriki katika majaribio ya chanjo. Siku mbili mbele, muganga mmoja na mtafiti mmoja walikuwa wamezungumza kwenye televisheni ya Ufaransa juu ya kufanya majaribio Afrika, na hasira ilikuwa ingali moto. Maneno ya Profesa yaliangukia katika moto huo. Alilazimika kueleza kwamba hakuna chanjo itakayojaribiwa kwetu kabla ya kujaribiwa kwanza kwa wale wanaoitengeneza. Profesa Muyembe ni mwana wa inchi, aliyekuwa Yambuku mwaka wa 1976 wakati Ebola ilijulikana mara ya kwanza. Kama hata neno lake lilipokelewa kwa hasira, tujue kwamba jina kubwa halitoshi. Neno zuri likisemwa bila kutayarisha watu, linageuka kuwa baya.

Mwezi huo wa 4 Madagascar ilitangaza kinywaji cha majani ya artemisia. Hapo watu wengi walifurahi na kuilaumu serikali yetu kwa kutoamini dawa za kwetu. Furaha hiyo tunaielewa. Lakini shirika la afya la dunia liliomba majaribio yafanyike kwanza, na mpaka sasa haijaonekana wazi kwamba kinywaji hicho kinaponyesha Corona. Kwa mkulima tunasema hivi: kabla ya kung'oa maharagi ili kupanda artemisia, uliza ni nani atanunua, kwa bei gani, na kwa mkataba gani. Mmea usio na mnunuzi ni deni.

Majibu yaliyochelewa na amri zisizo sawa

Katika Kivu ya Kusini, Daktari Denis Mukwege alikubali kusaidia kuongoza riposti ya jimbo. Tarehe 10 mwezi wa 6 alijiuzulu. Sababu moja aliyoitoa ni kwamba vipimo vilipelekwa Kinshasa na majibu yakachelewa zaidi ya majuma mawili. Fikiria mtu anaambiwa ajitenge, asiende shambani, angoje jibu, na jibu halirudi. Siku ya tano atatoka, sababu maharagi yake yanaota majani mabaya. Hatuwezi kumuita mkaidi. Amri yenyewe ilikosa mguu mmoja.

Jambo lingine ni usawa. Kinshasa maski ilikuwa lazima tangu tarehe 20 mwezi wa 4, na asiyevaa alitozwa franka 5,000. Kwa wengi hiyo ni chakula cha nyumba kwa siku nzima. Watu walisema polisi hatafuti ugonjwa, anatafuta makuta. Tena mwezi wa 7, wakati mikutano ya zaidi ya watu 20 ilikuwa ingali imekatazwa, maelfu waliandamana Kinshasa na katika miji mingine juu ya tume ya uchaguzi. Maandamano yalikatazwa, yakafanyika hata hivyo, na kuko watu waliokufa. Mwanamemba wa kijijini aliyekatazwa kumsindikiza ndugu yake makaburini alisikia habari hizo kwa redio.

Na mambo mazuri je? Yalikuwako. Serikali ilisema maji na umeme wa nyumba vitakuwa bure kwa miezi miwili. Kwa aliye na robine ya REGIDESO, ulikuwa msaada. Lakini vijijini hatuna REGIDESO wala SNEL. Mama anayechota kwenye chemchemi alisikia zawadi isiyomfikia. Msaada wa namna hiyo hauleti chuki, lakini unamkumbusha mtu kwamba walioamua hawakumfikiria.

Koperative ifanye nini?

Tukiyaweka yote pamoja, tunaona kwamba watu walifwata amri iliyoelezwa katika lugha yao, isiyogeuzwa kila siku, isiyowanyima chakula, na inayowashika wakubwa na wadogo sawasawa. Ilipokosa moja ya hayo, ilifwatwa nusu. Ilipokosa yote, ilifwatwa mbele ya polisi tu.

Sisi hatuwezi kubadilisha matangazo ya Kinshasa. Lakini kuko mambo yaliyo mikononi mwa koperative:

1. Chagueni watu wawili wa habari, mwanaume na mwanamke. Tangazo likitoka, waende kwa muganga mkuu wa kituo cha afya, waulize: amri inasema nini hasa, inaanza siku gani, inaisha lini, na bidhaa zetu zinapita ao hazipiti? Kisha warudi kueleza kwa lugha ya kijiji. Wakikosa jibu, waseme hawana jibu. Hilo halitawashusha mbele ya watu.

2. Msiuze ao kununua kwa woga. Yaliyotokea Kinshasa tarehe 26 mwezi wa 3 yanaonyesha kwamba bei inaweza kupanda kwa siku moja na kugeuka tena. Anayekuja siku ya tangazo akitaka kununua stoki yote haraka, mara nyingi anajua kitu ambacho mkulima hajui. Pigeni simu kwa masoko mawili kabla ya kukubali bei.

3. Pangeni mikutano kwa vikundi vidogo. Sheria ya OHADA inaomba mkutano mkuu wa kila mwaka ufanyike ndani ya miezi sita baada ya kufunga hesabu. Mwaka wa 2020 wengi walishindwa juu ya amri ya watu 20. Inawezekana kutayarisha mapema: kila kijiji kikutane peke yake, kisikie hesabu, kitoe maoni, na kila kikundi kiandike PV yake. Katiba ya koperative iseme wazi namna ya kuhesabu kura hizo, ili mtu asizikatae kesho.

4. Tayarisheni kupitisha bidhaa kwa pamoja. Muwe na orodha ya wachuuzi, mizani inayoaminiwa, na daftari ya nani ametoa kilo ngapi. Njia ikifungwa kwa watu, lori moja lenye daftari nzuri linaweza kupita.

5. Onyesheni pesa. Msaada wowote ukifika juu ya ugonjwa, iwe sabuni, bidoni ao franka, andikeni kwenye ubao mahali pa kukutania: umetoka kwa nani, kiasi gani, umegawiwa nani. Tunaiomba serikali ionyeshe hesabu yake. Sisi tuanze na yetu, na shirika letu la msaada pia muliulize. Ni haki yenu.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Sababu kutoamini kunaua pia. Tarehe 10 mwezi wa 4, 2020, siku mbili tu kabla ya Ebola kutangazwa imeisha, mgonjwa mwingine alipatikana Beni, na inchi ikangoja zaidi ya miezi miwili tena. Magonjwa hayatungoji tusuluhishe mambo yetu na serikali. Siku amri ya kweli itatolewa, ya kuokoa mtoto wa mtu, lazima kuwe na mtu katika kijiji ambaye watu wanamuamini. Mtu huyo anaweza kuwa muganga, anaweza kuwa shefu wa nyumba kumi, anaweza kuwa mwenyekiti wa koperative yenu. Lakini imani hiyo hainunuliwi siku ya ugonjwa. Inalimwa mbele, kwa hesabu safi na maneno yasiyogeuka.